Protini Inayonata na Malaria ya Upareni

Mtoto ameletwa hospitali hajitambui, meno yamekaza, macho yamegeuka juu. Mtaalamu wa maabara anachukua tone la damu, analitazama kwa hadubini na kuandika kwamba vimelea vya malaria vipo, ila ni vichache. Babu yake anashindwa kuelewa. Vichache, na mtoto yuko katika hali hii? Mbona jirani alikutwa na vingi kuliko hivyo, akapewa vidonge na kesho yake akarudi shambani?

Swali la babu ni la haki, na madaktari wenyewe walihangaika nalo kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya jibu imepatikana kwa msaada wa kitu kidogo sana: unga mweupe, pengine mkononi usiuone vizuri, ulio ndani ya kichupa chenye maandishi kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu. Unga huo ni protini ya binadamu ya kunatisha seli, iliyotengenezwa nje ya mwili wa binadamu. Makala haya yanaeleza protini hiyo ni nini, inatumikaje, na imetufundisha nini kinachoweza kumsaidia mzazi wa Same au Mwanga usiku mtoto anaposhikwa na homa. Fundi wa maabara naye ana sehemu yake humu, na yeyote aliyewahi kuombwa damu na watafiti.

Kwa nini kimelea kinanata

Malaria inayoua Tanzania ni ile ya kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu hukaa humo saa 48 hivi, kikila, kikikua na kujigawa, hadi chembe ipasuke na vimelea vipya vivamie chembe nyingine. Katika saa ishirini hivi za mwanzo kimelea bado kichanga, kina umbo la pete, na chembe iliyokibeba huzunguka na damu kama zenzake. Baada ya hapo kimelea hutuma protini yake hadi kwenye ngozi ya nje ya chembe, na vinundu vidogo sana huota juu yake. Protini hiyo inaitwa PfEMP1. Kuanzia saa hiyo chembe haizunguki tena. Hujishika kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, kama kishonanguo kinavyojishika kwenye suruali ya mpita njia.

Kimelea kina sababu ya kufanya hivyo. Bandama huchuja damu na kuondoa chembe zilizoharibika, na chembe yenye kimelea kikubwa ndani yake ni ngumu na imeharibika. Ikipita kwenye bandama haitoki. Kwa kujishika kwenye mshipa wa ubongo, wa utumbo au wa mapafu, kimelea kinakwepa safari hiyo. Anayelipa gharama ni mgonjwa: mishipa midogo huziba, ukuta wake huvimba na kuvuja, na sehemu ya mwili iliyo mbele yake hukosa hewa safi. Ikitokea katika ubongo, ndiyo malaria ya ubongo. Kwa mjamzito, vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo.

Babu sasa ana jibu lake. Damu inayotoka kwenye kidole ina vimelea vichanga, vile vinavyozunguka. Vilivyokomaa vimejishika ndani, sindano haivifikii na hadubini haivioni. Kwa hiyo hesabu ya vimelea kwenye kioo na ukali wa ugonjwa havilingani siku zote, na mtaalamu wa maabara aliyeandika "vichache" hakukosea.

Upande wetu wa kunata

Kunata kunahitaji pande mbili. Upande mmoja ni wa kimelea, ambacho kina jeni zipatazo 60 za kutengeneza PfEMP1 za aina mbalimbali, na hubadilisha moja kwa nyingine pale mwili unapoanza kuizoea. Upande wa pili ni wetu wenyewe. Ukuta wa ndani wa mshipa umejaa protini zilizowekwa hapo kwa kazi za mwili, na kimelea kimejifunza kuzitumia isivyo halali.

Maarufu zaidi kati ya hizo ni ICAM-1. Kazi yake halali ni kuzisaidia chembe nyeupe za damu zishike ukuta wa mshipa na kupenya kwenda palipo na kidonda au uambukizo. Wapo wengine waliogundua mlango huo kabla yetu: virusi vingi vya mafua ya kawaida huingia kwenye seli za pua kwa kushika ICAM-1 hiyo hiyo. Mwaka 1989 Anthony Berendt na wenzake, akiwemo Kevin Marsh ambaye baadaye aliongoza kituo cha utafiti cha Kilifi nchini Kenya, walionyesha katika jarida la Nature kwamba chembe zenye falciparum nazo hushika ICAM-1.

Kilifi ina jina lake la kudumu katika habari hii. Mwaka 1997 watafiti walichapisha kwamba watu wengi wa huko wana ICAM-1 yenye tofauti ndogo sana, kiungo kimoja tu cha protini kimebadilika katika nafasi ya 29, na katika utafiti huo walioirithi kutoka kwa wazazi wote wawili walionekana kupata malaria ya ubongo zaidi. Aina hiyo inaitwa ICAM-1 Kilifi hadi leo, katika maabara za dunia nzima. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika nchi nyingine za Afrika haukutoa jibu lile lile, kwa hiyo asije mtu akakuuzia kipimo cha jeni hiyo na kukuambia kwamba kitatabiri hatima ya mwanao.

Hatua iliyofuata inatugusa karibu zaidi. Ukitoka Same kwa barabara ya lami ukapita Makanya, Hedaru, Mkomazi na Mombo, unafika Korogwe, penye maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Watafiti wa Tanzania, akiwemo Dakta John Lusingu, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Copenhagen, walichunguza vimelea vya watoto waliolazwa Korogwe. Mwaka 2012 walitangaza kwamba vimelea vya watoto wenye malaria kali vilikuwa vikitumia zaidi aina fulani chache za PfEMP1. Hapo likabaki swali: aina hizo zinashika nini kwenye mshipa? Ili kulijibu walizijaribu dhidi ya protini za binadamu zaidi ya elfu mbili, moja baada ya nyingine. Iliyonata ilikuwa EPCR, na habari ikatoka katika Nature mwaka 2013. EPCR ni protini inayozuia damu isigande ovyo na kuutuliza ukuta wa mshipa usivimbe. Kimelea kikiikalia, mgonjwa anapoteza kinga hiyo mahali pale pale palipoziba, na madhara yanakuwa mara mbili.

Mimi naona huu ni mmoja wa michango mikubwa ya kaskazini mashariki mwa Tanzania katika sayansi ya dunia, na wanafunzi wetu wa sekondari wangefaa kuufahamu angalau kama wanavyofahamu habari za Mendel na njegere zake.

Kilichomo ndani ya kichupa

Kazi kama hiyo haiwezekani kwa kukwangua mishipa ya watu. Inahitaji ICAM-1 au EPCR safi, nyingi, inayofanana leo na kesho. Hapo ndipo inapoingia protini rekombinanti, yaani protini iliyotengenezwa kwa kuchukua maelekezo ya jeni ya binadamu na kuyapandikiza katika seli nyingine ili ziifanye kazi hiyo.

Seli za kupandikizia ni za namna nyingi. Bakteria ni rahisi na wa haraka, lakini hawawezi kuipamba protini kwa sukari kama mwili wetu unavyofanya, na ICAM-1 ni protini yenye sukari nyingi. Kwa sababu hiyo mara nyingi hutengenezwa katika seli za wanyama: ama zile za mnyama mdogo aitwaye hamsta, ambazo zimekuzwa maabara tangu miaka ya 1950, au zile ziitwazo HEK293, ukoo wa seli za figo ulioanzishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Seli hukuzwa kwenye maji yenye virutubisho, humwaga protini ndani ya maji hayo, kisha protini husafishwa, hukaushwa kwa baridi na kufungwa kwenye vichupa. Kipimo chake si gramu. Ni mikrogramu, sehemu moja ya milioni ya gramu.

Neno "binadamu" kwenye lebo huwatia watu wasiwasi bure. Maana yake ni kwamba mpangilio wa protini ni ule wa binadamu. Hakuna mtu aliyekamuliwa.

Kwa kweli wengi wetu tumeshapitiwa na protini za namna hii bila kuulizana. Insulini ya binadamu inayotumiwa na wagonjwa wa kisukari hutengenezwa kwa njia hiyo, nayo iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Katika chanjo ya penta ambayo mtoto hupewa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, sehemu inayokinga homa ya ini B ni protini ya kirusi iliyotengenezwa na seli za hamira. Tofauti yake na kichupa cha utafiti haiko katika sayansi. Iko katika uangalizi. Insulini na chanjo zimepitia majaribio kwa watu, viwanda vyake hukaguliwa, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inazisajili. Kichupa cha ICAM-1 hakijapitia hayo, na mtengenezaji wake hajawahi kudai kwamba kinatibu chochote. Mtu akikuletea unga wa kigeni wenye jina la protini na kukuambia unazuia malaria isishike ubongo, muulize namba ya usajili wa TMDA. Hana.

Kwa fundi wa maabara

Wanaosoma maabara Moshi, Tanga au kwingineko wataikuta kazi hii mapema au baadaye, kwa hiyo nieleze kidogo. Kichupa kikifika, soma kwanza cheti cha uchambuzi kinachokuja nacho. Tazama protini ilitengenezwa katika seli gani, ni nzima au ni kipande (ICAM-1 ina sehemu tano, na kimelea hushika zile za mwanzo), imeunganishwa na mkia wa aina gani, usafi wake ni asilimia ngapi, na ina endotoksini kiasi gani. Endotoksini ni mabaki ya bakteria. Ukiweka protini yenye mabaki hayo kwenye seli hai, seli zitashtuka na utadhani ni kazi ya protini yako. Mkia nao si pambo: baadhi ya vimelea hushika kipande cha kingamwili kinachotumika kama mkia, na usipoweka kipimo cha kulinganishia utaandika matokeo ya uongo kwa moyo safi.

Kabla ya kufungua, zungusha kichupa kwenye sentrifuji kwa muda mfupi ili unga uliorukia kifuniko ushuke chini. Yeyusha kwa bafa aliyoitaja mtengenezaji, taratibu. Kutikisa kwa nguvu huleta povu, na povu huharibu protini. Gawa mara moja katika vichupa vidogo vya kutumia siku moja, andika tarehe, na weka kwenye nyuzi hasi 20 au hasi 80 kama lebo inavyoagiza. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoiua. Hapa ndipo kukatika kwa umeme kunapogeuka kuwa suala la kisayansi: friza bila kipimajoto chenye kumbukumbu haikuambii kwamba usiku umeme ulikatika saa sita na kurudi alfajiri, na kilichomo kiliyeyuka na kuganda tena. Friza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe nazo hazifai, kwa sababu hupandisha joto kila mara kwa makusudi.

Kipimo chenyewe kinaweza kufanyika bila mashine za kifahari. Matone ya ICAM-1 huwekwa kwenye sahani ya plastiki na kuachwa usiku mzima kwenye nyuzi 4 yashike plastiki. Kando yake huwekwa matone ya albumini tupu, kwa kulinganisha. Sahani nzima hufunikwa na albumini ili mahali palipobaki wazi pasinate ovyo. Kisha humwagwa chembe zenye vimelea vilivyokomaa, husubiriwa kama saa moja, huoshwa polepole, huimarishwa kwa glutaraldehidi, hupakwa rangi ile ile ya Giemsa inayotumika katika zahanati, na kilichobaki kimenata huhesabiwa kwa hadubini. Damu iliyotoka moja kwa moja kwa mgonjwa ina vimelea vya pete ambavyo bado havinati. Lazima vikuzwe kwa siku moja hivi kwanza. Na kumbuka kwamba protini haiambukizi, damu ndiyo inayoambukiza. Glovu ni kwa ajili ya damu.

Saa ishirini za mzazi

Turudi kwa mtoto. Ikiwa kinachoua ni kunata, basi dawa bora ni ile inayokiwahi kimelea katika zile saa ishirini za mwanzo, kabla hakijanata. Kwinini, ambayo wazee wetu waliitegemea, huvishambulia zaidi vimelea vilivyokwisha kukomaa. Artesuneti ya sindano inaua hata vile vichanga vya umbo la pete, kabla havijajishika. Tofauti hiyo ilipimwa katika jaribio kubwa lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Muheza ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na matokeo yakatangazwa mwaka 2010: waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliotibiwa kwa artesuneti asilimia 8.5. Baada ya hapo ndipo artesuneti ilipokuwa dawa ya kwanza ya malaria kali kwa watoto.

Kwa mzazi maana yake ni kwamba homa isilazwe nyumbani kusubiri asubuhi, halafu gulio lipite, halafu ndipo muende. Dalili za hatari mtoto akiwa na homa ni degedege, kulegea au kutojitambua, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kuhema haraka, viganja na ulimi kuwa vyeupe, macho kuwa manjano, au mkojo wa rangi ya chai nzito. Moja tu kati ya hizo inatosha kuondoka sasa hivi. Degedege hasa. Nafahamu kwamba kuna familia ambazo degedege huonekana ni jambo la mganga, na sitaki kumvunjia heshima mtu yeyote. Lakini sayansi iliyoelezwa hapo juu inaonyesha kinachoendelea ndani ya ubongo wakati huo, na kila saa inayopita chembe nyingine zinajishika. Akiwa katika degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimnyweshe dawa.

Kwa wanaokaa juu mlimani, Chome, Suji, Mamba au Vudee, safari ya kushuka hospitali ni ndefu na barabara wakati wa mvua mnaijua wenyewe. Kwa watoto wa chini ya miaka sita kuna artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, inayotolewa mara moja kabla ya rufaa ili kununua muda. Ulizeni katika zahanati yenu kama ipo, muulize leo kabla haijahitajika. Dawa hiyo si tiba kamili. Anayeipata lazima aendelee na safari.

Akishatibiwa kwa sindano na kuweza kumeza, mtoto humalizia kwa dozi kamili ya dawa mseto, ALu: mara sita ndani ya siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Wengi huacha siku ya pili kwa sababu mtoto anacheza. Pia mrudisheni hospitali akionekana mweupe au mchovu katika wiki nne zinazofuata, kwani baada ya artesuneti wachache hupungukiwa damu kwa kuchelewa.

Kuhusu kipimo cha haraka, kile cha tone la damu na mistari miwili: hutafuta protini ambayo kimelea huimwaga ndani ya damu, kwa hiyo kinaweza kugundua hata vimelea vilivyojificha kwenye mishipa. Hilo ni jema. Ubaya wake ni kwamba protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita akipimwa tena kwa kipimo hicho na mstari ukatokea, si lazima awe na malaria mpya. Mwambieni mhudumu kwamba alitibiwa lini, ili atumie hadubini.

Mlimani na tambarare

Upareni ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini malaria moja ina sura mbili. Tambarare ya Ndungu, Kihurio na Maore ina maji, mpunga na mbu. Juu kuna baridi, na kimelea hakikui vizuri ndani ya mbu penye baridi. Utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba penye maambukizi mengi malaria kali huwapata watoto wadogo zaidi, na sura yake mara nyingi ni upungufu wa damu. Penye maambukizi machache huwapata hata wakubwa kidogo, na malaria ya ubongo huonekana zaidi. Mwili unaoumwa mara nyingi hujifunza PfEMP1 moja baada ya nyingine. Ambaye hajawahi kuumwa hana somo hata moja. Kijana aliyekulia mlimani akishuka kulima mpunga msimu mmoja anahitaji chandarua zaidi kuliko mwenyeji anayemcheka. Na kwa kuwa Mkoa wa Kilimanjaro leo ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, hali hiyo ya kutojifunza inawahusu watoto wengi zaidi kuliko zamani.

Upande mwingine wa sarafu hiyo ni kuita kila homa malaria. Katika hospitali hizo hizo, watafiti walipopima upya damu za wagonjwa 4,474 waliokuwa wakitibiwa malaria kali, chini ya nusu walikuwa na vimelea. Waliokuwa hawana walikufa zaidi, asilimia 12.1 dhidi ya 6.9, pengine kwa kuwa nimonia, uambukizo wa damu au ugonjwa mwingine waliokuwa nao haukutibiwa. Habari hiyo ilitoka mwaka 2004, kabla vipimo vya haraka havijaenea. Hata hivyo bado kuna watu wanaonunua dawa mseto dukani bila kupima. Omba kipimo, na kikisema huna malaria, uliza basi ni nini.

Upareni si mgeni wa utafiti. Katika miaka ya 1950 mradi wa Pare na Taveta ulipulizia nyumba dawa ya dieldrini pande zote mbili za mpaka, ukisimamiwa na taasisi ya malaria ya Amani, Muheza. Mbu aitwaye Anopheles funestus karibu atoweke, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Upuliziaji ulikoma mwaka 1959, na malaria ikarudi kidogo kidogo. Watafiti waliendelea kuifuatilia kwa miaka ishirini. Miongo minne baada ya upuliziaji kukoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa Bwambo, Mpinji, Goha na Kadando, vijiji vinavyoshuka kutoka zaidi ya mita 1,500 hadi karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, walitoa damu katika utafiti mwingine. Kingamwili zao zilipimwa kwa protini rekombinanti za kimelea, na kwa kuwa kingamwili hudumu miaka, damu ya watu wa umri mbalimbali ilisimulia malaria ilivyokuwa kijijini kwa miongo. Njia hiyo sasa inatumika nchi nyingi.

Ukiombwa damu

Hofu ya mumiani si ya jana. Tangu enzi za ukoloni watu wa Afrika Mashariki wamesimuliana habari za wanyonya damu, na mtafiti anayekuja na gari lenye namba ngeni bila kueleza kitu anajitafutia jina hilo mwenyewe. Njia ya kuondoa hofu ni kuuliza, na una haki ya kuuliza.

Kwanza kiasi. Vipimo vingi vinahitaji matone ya kidole. Vikihitaji mshipa, mara nyingi ni mililita chache, na kijiko cha chai ni mililita 5. Pili kibali: utafiti wa afya kwa binadamu nchini lazima upitishwe na kamati ya maadili, na ile ya kitaifa iko chini ya NIMR. Barua ipo, omba kuiona, na viongozi wa kijiji wawe wameiona kabla yako. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili. Kama hujui kusoma, isomwe mbele ya shahidi uliyemchagua wewe. Usisaini ukiwa na haraka ya kuwahi gari. Unaweza kukataa, na unaweza kukubali leo na kujitoa kesho, na mtoto wako atatibiwa vile vile. Uliza damu itahifadhiwa miaka mingapi, kama itapimwa vinasaba, na kama kukipatikana tatizo la afya utaambiwa.

La mwisho la kuuliza ni kama damu itasafirishwa nje ya nchi. Ikisafirishwa, lazima pawe na mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi ya hapa na ya huko, unaosema itatumika kwa kazi gani, na itateketezwa au kurudishwa lini. Mtafiti mwenye mkataba huo hatachukizwa na swali lako. Atakuonyesha jina la taasisi na namba ya simu ya kamati iliyompa kibali, ambayo huandikwa kwenye nakala ya fomu unayobaki nayo. Nakala hiyo itunze pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.